Khan wa Shusha na wageni aliowafungulia lango



Jina la Khan tunalijua sote. Kwetu ni jina la ukoo, na wengine hulisoma kila wapitapo mbele ya hospitali au shule. Lakini huko lilikotoka, Khan si jina bali ni cheo. Khan ni mtawala: ana ngome yake, askari wake na kodi yake, na mara nyingi ana jirani mwenye cheo kama chake anayemtolea macho. Wiki hii nataka nizungumze habari za khan mmoja wa karne ya 18, Ibrahim Khalil, aliyetawala nchi ya Karabakh katika milima ya Kaukasi kwa zaidi ya miaka 40.

Sababu ya kumchagua ni mji wake. Mji huo unaitwa Shusha, nao umetajwa sana katika taarifa za habari za miaka yetu. Mei 1992 ulichukuliwa na majeshi ya Waarmenia. Novemba 2020 ulichukuliwa tena na Azerbaijan. Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000, yaani karibu wote waliokuwa wamebaki Karabakh, walifunga mizigo yao wakaondoka. Kila upande una historia yake juu ya khan huyu. Waazerbaijan wanamhesabu kuwa mmoja wa watawala wao wakubwa. Waarmenia, ambao mji huo wanauita Shushi, wanakumbuka zaidi mabwana wao wa milimani aliowafunga na kuwafukuza. Mimi sitaihukumu kesi hiyo hapa. Nataka tu tumwangalie mtu mwenyewe, na jinsi alivyohangaika kuishi kati ya wenye nguvu kuliko yeye.

Anayetaka kuijua nchi hiyo na achukue ramani. Atazame kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, kusini ya milima ya Kaukasi. Leo hapo kuna Georgia, Armenia na Azerbaijan. Zamani za Ibrahim Khalil hapo palikuwa na makhan wadogo wadogo: wa Ganja, wa Shaki, wa Shirvan, wa Quba, wa Baku, wa Yerevan, wa Nakhchivan. Tbilisi palikuwa na mfalme Mkristo wa Georgia. Kuwazunguka wote hao palikuwa na wakubwa watatu: Uajemi kusini, Waturuki wa Osmani magharibi, na kaskazini Urusi, iliyokuwa ikinenepa mwaka hata mwaka.

Kisa kinaanzia kwenye kifo cha Nader Shah, mfalme wa Uajemi, aliyeuawa na maofisa wake mwenyewe usiku mmoja wa Juni 1747. Mtu huyu hayuko mbali na historia ya pwani yetu, ijapokuwa wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Ni majeshi yake yaliyoingia Oman kuanzia mwaka 1737. Aliyesimama nayo katika ngome ya Sohar ni Ahmad bin Said, baba wa ukoo wa Busaidi, uliokuja baadaye kukaa katika kiti cha enzi cha Unguja. Na ni katika misukosuko hiyo hiyo Mazrui wa Mombasa walipokataa kumtii bwana mpya wa Oman. Kwa hiyo misukosuko ya dola moja ilifika Mombasa na ilifika Kaukasi pia, na kote huko watu walifanya jambo lile lile: kila mwenye ngome alijitangazia ukubwa.

Huko Karabakh aliyejitangaza alikuwa Panah Ali, baba wa huyu tunayemzungumzia, mkubwa wa kabila la wafugaji lililoitwa Javanshir. Nader Shah alikuwa amewahamisha watu wake kwa nguvu mpaka Khorasan, mashariki ya mbali ya Uajemi. Panah mwenyewe alitoroka kutoka utumishi wa mfalme, akaishi mafichoni milimani. Nader alipokufa, watu wa Javanshir walirudi kwao, na Panah akaanza kujenga ngome. Ya kwanza hakuridhika nayo, ya pili nayo vivyo hivyo. Ya tatu ndiyo Shusha, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1750 juu ya jabali kubwa ambalo pande tatu ni magenge matupu. Mahali hapo alionyeshwa na Melik Shahnazar, bwana mmoja wa Kiarmenia aliyekuwa amegombana na mabwana wenzake wanne. Penye wakubwa watano wasiopatana, wa sita hukaribishwa na mmoja wao.

Ibrahim Khalil aliujua ulimwengu huo tangu ujana wake kwa njia ngumu. Khan mwingine wa Kiajemi, Fath Ali Khan Afshar, aliizingira Shusha akashindwa kuingia. Akaleta maneno ya amani: tuoane, nami nitakupa binti yangu kwa mwanao. Kijana akaenda kambini kama bwana harusi, akaondoka huko kama rehani, akafungwa Urmia. Baadaye Karim Khan Zand, aliyekuwa akiishika Uajemi wakati huo, aliiteka Urmia kwa msaada wa Panah, mwaka 1763. Karim Khan akamfungua kijana, akamrudisha Shusha akatawale. Lakini baba mtu akaambiwa: wewe ni mgeni wangu mheshimiwa, twende Shiraz. Panah alikwenda Shiraz asirudi tena hai. Basi mtu huyu alianza utawala wake akiwa ametoka kifungoni mwa adui, na baba yake akiwa amebaki kwa rafiki.

Nadhani ndiyo maana hakumwamini mtu. Na ndiyo maana alioa sana. Nasema hivi bila mzaha, kwa sababu ndoa kwake ilikuwa kazi ya serikali. Alimwoa binti wa Melik Shahnazar, akapata Waarmenia wa Varanda. Alimwoa dada wa Umma Khan, mtawala wa Waavari wa Dagestan, ambaye wapiganaji wake walitisha mpaka Tbilisi, akapata jeshi la kukodi lililo tayari kushuka milimani akiliita. Alimwoa dada wa khan wa Shaki. Kwa Mfalme Erekle wa Georgia hakuoa, lakini walishirikiana kuishika Ganja, kila mmoja akaweka mwakilishi wake pale, mpaka ushirika ukavunjika. Aliandika barua Petersburg na aliandika barua Istanbul. Fatali Khan wa Quba, aliyetaka kuwameza makhan wote wa upande ule, alijaribu kumwingilia wala hakufua dafu, akafa mwaka 1789.

Nisimpambe kupita kiasi. Wale mabwana wa Kiarmenia waliomkataa aliwatendea vibaya. Waliandikiana barua na Warusi kwa siri, barua zikagundulika, akawakamata. Wako waliofia gerezani, na Katoliko wa Gandzasar, mkuu wao wa dini, alifia Shusha mwaka 1786 akiwa mikononi mwake. Wengine walitoroka, wakaenda kuwatumikia adui zake. Mtu aliyekuwa rehani katika ujana wake hakuona vigumu kuweka wenzake gerezani.

Lakini alikuwa na jambo moja lililomtofautisha na makhan wengi, nalo ni waziri wake. Huyo aliitwa Molla Panah Vagif, mwalimu wa shule ya watoto aliyehamia Shusha kutoka upande wa Qazax. Alikuwa mshairi, na mashairi yake yanasomwa mpaka leo. Watu wa kule walikuwa na msemo kwamba si kila aliyesoma huwa Molla Panah. Khan alimtoa darasani akamtia barazani, na barua nyingi zilizookoa nchi hiyo zilitoka katika kalamu yake.

Sasa akatokea Agha Mohammad Khan wa ukoo wa Qajar. Huyu alihasiwa utotoni na maadui wa baba yake, akakaa miaka mingi Shiraz chini ya ulinzi wa Karim Khan. Karim Khan alipokufa mwaka 1779 alitoroka, akapigana miaka 15 mpaka akaikusanya karibu Uajemi yote mkononi mwake. Kiangazi cha 1795 alivuka Mto Aras na jeshi kubwa, akaja chini ya jabali la Shusha.

Hapo pana kisa kinachosimuliwa sana, nacho kinawahusu wapenzi wa lugha. Jina Shusha linafanana na neno la Kiajemi la kioo, lile lile tulilolipata sisi katika shisha, chupa ya mchanga ya kupimia saa. Inasimuliwa kwamba Agha Mohammad alimtumia khan maneno ya kishairi: mawe yanakunyeshea kutoka mbinguni, nawe mpumbavu unakaa katika kioo? Vagif akamjibu kwa ushairi vile vile, kwamba Mlinzi ninayemjua mimi anaweza kukihifadhi kioo hata penye mwamba. Yawe yalitumwa kweli au yalitungwa baadaye, jambo moja ni hakika: mizinga ilipigwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na lango halikufunguka.

Agha Mohammad akaiacha Shusha nyuma, akaenda Tbilisi. Hapa naomba tusikilize kwa makini. Mfalme Erekle alikuwa ametia saini mkataba na Urusi mwaka 1783, katika mji wa Georgievsk. Ndani yake Urusi iliahidi kuilinda Georgia. Kwa ahadi hiyo Erekle alijitenga na Uajemi mbele ya macho ya watu wote. Septemba 1795, mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, alitoka nje ya mji wake na watu wapatao 5,000 kukabili jeshi lililomzidi mara nyingi. Jeshi la Urusi halikufika. Tbilisi iliteketezwa, na maelfu ya watu wakachukuliwa utumwani Uajemi. Msaada ulikuja mwaka uliofuata, wakati Malkia Catherine alipomtuma Jenerali Zubov, naye akateka Derbent na Baku. Novemba 1796 Catherine akafa, mwanawe Paul akaamuru jeshi lote lirudi nyumbani. Makhan waliokwisha kuwakaribisha Warusi wakabaki wamesimama peke yao barazani.

Ibrahim Khalil alikuwa mmojawapo, maana alikuwa amempelekea Zubov wajumbe. Mwaka 1797 Agha Mohammad, sasa akiwa amevikwa taji la Shah, alirudi. Safari hii Shusha haikuweza kusimama. Mvua zilikuwa zimekosekana, chakula kilikwisha, na juu ya jabali maji yamekuwa tabu siku zote. Khan akachukua jamaa zake akakimbilia kaskazini kwa wakwe zake. Shah akaingia mjini. Vagif akatiwa ndani kungoja kuuawa.

Yaliyotokea siku chache baadaye, kama si historia, mtu angesema ni hadithi. Usiku mmoja wa Juni watumishi wawili wa Shah waligombana wakapiga kelele, wakamuudhi. Akaamuru wauawe. Akaombwa awasamehe, akakataa, lakini akasema kwa kuwa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, hukumu ingoje. Kisha akawaacha waendelee na kazi zao! Watu wawili waliojua kwamba wakipambazukiwa watakufa ndio waliomtandikia kitanda. Usiku ule ule, pamoja na mwenzao wa tatu, walimwua kwa majambia, wakachukua vito vyake. Jeshi lililoitetemesha Kaukasi likatawanyika asubuhi kama soko lililonyeshewa mvua.

Vagif akatoka gerezani. Lakini hakuishi. Mpwa wa khan, Muhammad Bey, mtoto wa nduguye aliyekuwa mpinzani wake, aliukalia mji kabla mjomba hajarudi, akamwua Vagif pamoja na mwanawe. Nimesema mpwa na mjomba kwa mazoea. Kwa hakika huyo alikuwa mtoto wa kaka, na khan alikuwa baba yake mdogo au mkubwa kwa hesabu zetu. Mshairi aliyeokoka mikononi mwa Shah wa Uajemi aliuawa na mtu wa nyumbani.

Ibrahim Khalil aliporudi alifanya mambo ya mtu mzima. Mwili wa Shah hakuudhalilisha, aliupeleka Uajemi kwa heshima. Mtawala mpya, Fath Ali Shah, akaomba undugu, na khan akamwoza binti yake, Agha Begum, mwanamke msomi aliyetunga mashairi mwenyewe. Mwanawe mmoja, Abulfat Khan, akaingia katika utumishi wa Uajemi. Kwa miaka michache ikaonekana kana kwamba nyumba ya Shusha imepata mgongo wa kuegemea.

Ila Urusi ilikuwa imerudi. Mwaka 1801 iliifuta Georgia kama ufalme ikaifanya jimbo lake. Ndiyo malipo ya mkataba wa Georgievsk. Kisha akaja Jenerali Tsitsianov, mtu mwenye asili ya Georgia, mkali kupita kiasi. Alimwandikia Javad Khan wa Ganja ajisalimishe. Javad Khan akajibu kwamba mtu atauingia mji akipita juu ya maiti yake. Januari 1804 Warusi waliuparamia ukuta wa Ganja, na Javad Khan akafa pale pale ukutani, na mwanawe mmoja pia. Ganja ikabadilishwa jina ikaitwa Elisavetpol, kwa heshima ya mke wa Tsari.

Sasa tumweke Ibrahim Khalil katika kiti chake, mzee wa zaidi ya miaka 70. Jirani aliyekubali ulinzi, mji wake uliteketezwa huku mlinzi yuko mbali, na ufalme wake ukafutwa mlinzi alipofika. Jirani aliyekataa ulinzi amelala kaburini. Tuna methali yetu ya tembo na nyasi, lakini mimi naona haimfai mtu huyu. Nyasi haziulizwi zinamtaka tembo yupi.

Akachagua Urusi. Mei 1805, kando ya Mto Kurekchay karibu na Ganja, alitia saini mkataba na Tsitsianov. Aliapa kutomtii Shah wala mwingine yeyote ila Tsari. Aliacha haki ya kuzungumza na watawala wa jirani bila ruhusa. Aliahidi kulipa vipande 8,000 vya dhahabu kila mwaka, kwa mikupuo miwili. Mjukuu wake apelekwe Tbilisi akae huko kama rehani. Na askari 500 wa Urusi, pamoja na mizinga yao, wakae ndani ya Shusha. Kwa upande wake, Tsari aliahidi kumlinda yeye na nchi yake, na kumwachia mambo ya ndani. Alipewa cheo cha Luteni Jenerali.

Mimi nikiusoma mkataba huo, macho yangu hayaendi kwenye dhahabu. Dhahabu alikuwa amewalipa wengi. Yanakwenda kwenye wale 500. Kwa zaidi ya miaka 50 Shusha ilizingirwa tena na tena, na nguvu yake ilikuwa moja tu: mgeni mwenye silaha hulala nje. Shah mmoja tu ndiye aliyelala ndani, naye hakutoka mzima. Sasa mlango ulifunguliwa kwa wino. Na zile njia zote alizozitengeneza kwa ndoa na barua, leo kwa Waavari, kesho kwa Georgia, keshokutwa kwa Shah, zilizibwa kwa kifungu kimoja.

Februari 1806 Tsitsianov aliuawa nje ya lango la Baku alipokwenda kupokea funguo za mji. Majeshi ya Uajemi yakavuka tena Mto Aras. Kiangazi cha mwaka huo khan alikuwa nje ya ngome, amepiga kambi na wake zake, watoto na wapambe wachache. Je, alikuwa akizungumza na Waajemi kwa siri, kwa kuwa binti na mwana walikuwa kwao? Warusi walisema ndiyo. Kwa mtu wa tabia yake si ajabu. Maisha yake yote alizungumza na kila mtu. Inasimuliwa pia kwamba habari hizo zilipelekwa kwa Warusi na mjukuu wake mwenyewe, aliyetamani kiti. Meja Lisanevich, mkuu wa kile kikosi cha ulinzi, hakungoja kuuliza. Alitoka ngomeni usiku na askari wake, akaivamia kambi. Ibrahim Khalil aliuawa humo pamoja na mke wake, binti na mtoto wa kiume mdogo. Walinzi walioandikwa katika mkataba ndio waliomwua.

Yule mke alikuwa dada wa Selim Khan wa Shaki, ambaye naye alikuwa ametia saini mkataba wa namna hiyo hiyo wakati ule ule. Aliposikia, aliwafukuza Warusi mjini mwake. Walirudi kabla mwaka haujaisha, wakamtoa. Lisanevich aliendelea na kazi akapanda mpaka Luteni Jenerali, cheo kile kile cha khan aliyemwua.

Kiti cha Shusha kilipewa mtoto wa marehemu, Mehdi Quli. Mwaka 1813 Uajemi na Urusi ziliandikiana amani katika kijiji cha Gulistan, humo humo Karabakh, na nchi hiyo ikahesabiwa kuwa ya Urusi. Mwaka 1822 Mehdi Quli alikimbilia Uajemi, na cheo cha khan wa Karabakh kikafutwa. Baadaye aliruhusiwa kurudi akaishi kama raia. Alipata binti mmoja, Khurshidbanu, ambaye watu wa kule wanamjua zaidi kwa jina lake la ushairi, Natavan. Huyo hakuwa na ngome wala askari, ila mali ya ukoo ilimbakia. Katika miaka ya 1870 aliitumia kuleta maji kutoka milimani mpaka Shusha, mji ambao babu yake aliukimbia katika mwaka wa ukame.